"Sitaki Hivi, Nipe Vikubwa": Kisa cha Msamburu Katika Tangazo la Nike

Mwaka 1989 televisheni za Marekani zilirusha tangazo la viatu vya Nike vya kutembelea milimani. Lilipigwa Kenya, na waliotumiwa humo walikuwa Wasamburu. Kamera inamsogelea mmoja wao, naye anasema maneno machache kwa lugha yake, Kimaa, ambayo Wamaasai nao huisema. Anaposema, skrini inaandikwa maneno matatu ya Kiingereza ambayo siku hizi hata mtoto wa chekechea ameyaona kwenye fulana ya mtumba: Just do it.

Mtazamaji wa Ohio au Texas alielewa alichokusudiwa kuelewa. Huyu mtu wa mbali, mwenye shanga zake na nyika yake, naye anasema vilevile tusemavyo sisi.

Alichosema ni hiki: "Sitaki hivi. Nipe viatu vikubwa."

Aliyelifichua jambo hilo ni mwanaanthropolojia Lee Cronk, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Cincinnati, mtu aliyekuwa amekaa Kenya kwa utafiti na kukijua Kimaa. Habari ikafika magazetini, Nike wakaulizwa. Msemaji wao, Elizabeth Dolan, akajibu kwamba walidhani hakuna mtu Marekani ambaye angejua yule bwana kasema nini.

Kisa kwa ukamilifu wake ni hicho, na ni kifupi. Kwa zaidi ya miaka 30 kimekuwa kikisimuliwa kama kichekesho, mara nyingi katika orodha zile za "makampuni yaliyoumbuka kwa tafsiri mbovu". Mimi nafundisha Kiswahili na kutafsiri matangazo ya biashara pembeni, na kila nikikikuta kwenye orodha hiyo naona kimetiwa kapu lisilo lake.

Kwanza, orodha hizo zenyewe si za kuaminiwa ovyo. Kisa kinachoziongoza karibu zote ni cha gari la Chevrolet Nova, linalodaiwa kukosa wanunuzi Amerika ya Kilatini kwa sababu "no va" kwa Kihispania ni "haiendi". Ni uongo mtupu. Gari hilo liliuzwa vizuri Mexico na Venezuela, na shirika la mafuta la Mexico, Pemex, lilikuwa na petroli yake yenyewe iliyoitwa Nova. Mhispania akisikia "nova" hasikii "no va", kama sisi tusivyomsikia "mbu" ndani ya "mbuzi". Kisa cha Msamburu ni cha kweli, kwa sababu Nike wenyewe hawakukikana.

Pili, na hili ndilo zito, hapa hakukuwa na kosa la tafsiri. Kosa la tafsiri ni la mtu aliyejaribu. Anakaa na kamusi, anapima maana, anateleza. Nimeteleza hivyo mara nyingi. Kuna bango moja mjini lenye neno "uzoefu" mahali palipotaka "onja", na aibu yake ni yangu pamoja na mteja aliyenipa saa 2 za kazi. Katika tangazo lile hakuna aliyeteleza kwa sababu hakuna aliyetembea. Maneno ya Msamburu hayakuwahi kuwa maneno mbele ya waliolitengeneza. Yalikuwa sauti, pamoja na upepo na kengele za ng'ombe.

Hapo ndipo pa kukaa kidogo, kwa maana matumizi ya lugha ya kigeni kama sauti si jambo la Nike peke yao. Ni desturi ya kazi hii ya matangazo. Manukato huuzwa kwa Kifaransa kwa watu wasiojua Kifaransa, kahawa kwa Kiitaliano, mashine kwa Kijerumani. Hatarajiwi mtu kuelewa. Anatarajiwa kunusa nchi: aah, Paris, aah, Milano. Maana ya maneno inaweza kuwa yoyote, mradi harufu ifike.

Mfano uliofaulu kuliko yote ni wa Audi nchini Uingereza. Mwaka 1982 John Hegarty, mmoja wa waanzilishi wa wakala wa matangazo BBH, alitembelea kiwanda cha Audi huko Ingolstadt akaona bango lililopauka limeandikwa Vorsprung durch Technik, yaani kutangulia mbele kwa njia ya teknolojia. Wajerumani walishalisahau. Yeye akalichukua likiwa Kijerumani vilevile, akaliweka mwishoni mwa matangazo ya Uingereza likifuatiwa na maneno ya kwamba ndivyo wasemavyo Ujerumani. Waingereza wengi hawakuwa na habari maana yake ni nini, lakini wakalipenda, wakalitania mitaani, wakanunua magari. Januari 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kuwa maneno hayo yanastahili kusajiliwa kuwa alama ya biashara, ingawa ni kaulimbiu ya kujisifu tu.

Ukitazama juu juu, Audi na Nike walifanya jambo moja: wamechukua lugha asiyoijua mtazamaji wakamwekea masikioni. Tofauti iko kwenye kiti alichopewa msemaji. Kijerumani cha Audi kilikaa kiti cha fundi. Kilikuja na mamlaka yake, na Mwingereza aliambiwa wazi kwamba hii ni lugha ya watu, wanaisema kwao, na ina maana hata kama wewe huijui. Mtu aliyetaka maana alifungua kamusi akaikuta, nayo ilikuwa imesimama palepale ilipodaiwa kusimama. Kimaa cha Nike hakikupewa kiti. Kilisimama mlangoni, na maana aliyopachikiwa mwenye lugha ilitoka mfukoni mwa mwenye tangazo.

Kuna mfano wa tatu, nao unaonyesha jambo hili linavyowageuka hata wenye matangazo. Ujerumani, maduka ya manukato ya Douglas yalikuwa na kaulimbiu ya Kiingereza, Come in and find out, yaani karibu ndani ujionee. Mwaka 2003 kampuni ya Endmark ya Cologne ikawauliza Wajerumani wa kawaida wanazielewaje kaulimbiu za Kiingereza walizokuwa wakizisikia kila siku. Kwa hiyo ya Douglas, wengi walijibu kuwa maana yake ni: ingia, kisha utafute njia ya kutokea. Douglas wakarudi kwenye Kijerumani. Mwaka huohuo McDonald's walizindua kaulimbiu yao mpya ya dunia nzima, iliyotungwa na wakala wa karibu na Munich, na kwa Wajerumani wakaiweka kwa Kijerumani: ich liebe es. Tazama walivyokimbia mbio kurekebisha. Wajerumani hawakuelewa, na Wajerumani ni wateja, basi likafanyiwa uchunguzi, takwimu, mikutano. Msamburu hakuwa mteja. Kutoeleweka kwake kulikuwa sehemu ya hesabu tangu mwanzo.

Ndiyo maana kauli ya yule msemaji wa Nike ina thamani kwangu kuliko tangazo lenyewe. Alikuwa na utetezi mzuri kabisa mezani: angesema kwamba Just do it huonekana katika matangazo yao yote, haikuwekwa kama tafsiri ya maneno ya mtu yeyote, na kama mtazamaji aliunganisha mawili hayo ni yeye. Utetezi huo una mashiko kiasi, ingawa macho yetu yamefundishwa na sinema kwamba mtu akisema lugha ngeni na maandishi yakatokea, maandishi ndiyo asemayo. Hakuushika. Alisema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa kwamba walihesabu wasikilizaji wa Marekani wakapata sifuri.

Hesabu ilikuwa mbovu kwa mtu mmoja, na mtu huyo ana hadithi yake.

Cronk hakuwa amejifunzia Kimaa kwa Wasamburu. Alikuwa akichunguza Wamukogodo, jamii ndogo ya Laikipia, kaskazini ya Mlima Kenya. Zamani Wamukogodo walikaa kwenye mapango ya msitu unaoitwa kwa jina lao, wakiwinda na kurina asali, na lugha yao ilikuwa Kiyaaku, lugha ya Kikushi isiyo na undugu wa karibu na Kimaa. Majirani zao wafugaji walikuwa wakizungumza Kimaa, na kwa mfugaji mtu asiye na ng'ombe ni Mdorobo, maskini wa kudharauliwa. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 Wamukogodo wakaanza kuoana na majirani hao, wakatafuta mifugo ya kulipia mahari, wakatoka mapangoni. Wakakiacha Kiyaaku. Watoto wakalelewa kwa Kimaa, na Kiyaaku leo kimebaki kwa wazee wa kuhesabika.

Sasa ziweke hadithi hizo mbili pamoja. Laikipia, Kimaa kilikuwa lugha ya mwenye mali, lugha ambayo watu walifikia kuacha ya mama zao ili wakisema wasikilizwe. Mtu aliyekuwa amekwenda kuchunguza watu hao anarudi kwao Marekani, na hapo kwenye televisheni anakikuta Kimaa hichohicho, mwenyewe anakisema kinywa wazi, na wenye tangazo wamekata shauri kwamba hakisemi kitu. Lugha haibebi heshima yake safarini. Inaiacha uwanja wa ndege.

Wala si lugha ya watu wachache kihivyo. Wasamburu peke yao walikuwa zaidi ya 333,000 katika sensa ya Kenya ya 2019, na Wamaasai wa Kenya zaidi ya milioni 1.1. Ongeza Wachamus wa Baringo, ongeza Wamaasai na Waarusha wa Tanzania. Ila hakuna hata mmoja wa hao aliyekuwa akiuziwa kiatu kile.

Halafu kuna hicho kibao chenyewe, Just do it. Tuseme mtu wa haki angekuwepo siku ile ya kupiga picha, aliyetaka kweli Msamburu aseme kaulimbiu hiyo kwa lugha yake. Angepata taabu, na taabu hiyo naijua kwa upande wa Kiswahili kwa sababu nimewahi kuwapa wanafunzi wangu waitafsiri. Kwanza hilo "it". Kiingereza kinaweza kuamuru "ifanye" bila kusema nini. Kiswahili kinauliza papo hapo: kifanye? lifanye? ifanye? Ni kitu, ni jambo, ni kazi? Huwezi kutunga kitenzi kabla hujaamua unazungumzia nini, na nguvu yote ya maneno yale matatu iko katika kutoamua. Basi unaitupa "it", unabaki na "fanya tu". Hapo mambo yanaharibika zaidi. "Tu" yetu inapunguza. Mtu akikuambia "haya, fanya tu," ujue amechoka kubishana nawe. Kaulimbiu iliyokuwa ya kumsukuma mtu atoke kitandani akakimbie imekuwa sauti ya mama aliyesalimu amri jikoni. Mwanafunzi mmoja aliniletea "Thubutu!", nikampa alama zote, kisha nikakumbuka kuwa kwetu "thubutu!" ndilo neno la kumwambia mtoto anayenyoosha mkono kuiba mandazi.

Kwa hiyo kaulimbiu si rahisi, na si ajabu ikashindikana. Yenyewe ilizaliwa kwa kuchukua maneno ya mtu mwingine na kuyakarabati. Dan Wieden, aliyeitunga mwaka 1988, alieleza waziwazi kwamba aliitoa kwa Gary Gilmore, muuaji aliyeuawa na sheria kwa kupigwa risasi huko Utah mwaka 1977, ambaye maneno yake ya mwisho yalikuwa Let's do it, yaani haya tuendelee. Wieden akabadilisha neno moja. Na jina la kampuni ni la Kigiriki, mungu wa kike wa ushindi, ambalo Wagiriki hawalitamki kama Wamarekani. Kampuni iliyojengwa juu ya maneno ya kuazima ilikosa kuazima vizuri mara hii moja tu.

Lakini kushindwa kutafsiri kulikuwa na njia za kutokea. Wangeweza kumwacha anyamaze. Uso peke yake ungetosha, na milima ya Kenya haihitaji msemaji. Wangeweza kuweka maneno yake kama yalivyo. Hebu fikiria: mtu anaonyeshwa viatu vipya vya Nike, anavitazama, anasema, na chini inaandikwa "Sitaki hivi. Nipe vikubwa." Kisha kaulimbiu. Watu wangecheka nchi nzima, na wangecheka pamoja naye. Ndani ya tangazo zima ni yeye aliyezungumzia kiatu kama kiatu: kinabana. Nilivyomwelewa mimi, hata hakuvikataa viatu. Alitaka namba yake.

Na sheria? Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilikuwa tangu 1980 na mwongozo kamili kuhusu watu wanaosifia bidhaa katika matangazo, na unasema sifa hizo lazima ziwe maoni ya kweli ya anayetoa sifa. Ukimpima kwa mwongozo huo, mtu aliyesema "sitaki hivi" na akaonyeshwa kana kwamba amesema kinyume anakaribia sana mstari. Kaulimbiu inaponyoka kwa sababu haidai kitu. "Fanya tu" si ushahidi kwamba kiatu kizuri. Wafaransa wana njia nyingine: sheria yao ya Agosti 1994, ijulikanayo kwa jina la waziri Toubon, inataka tangazo lenye lugha ya kigeni liwe na Kifaransa chake, ndiyo maana huko kila kaulimbiu ya Kiingereza ina kinyota na tafsiri ndogo chini yake. Sheria hiyo inamlinda Mfaransa anayesoma. Anayesema, mwenye kinywa chake pale kwenye picha, haimtazami.

Ningependa kusema sisi tuna mikono safi. Hatuna. Pita barabara yoyote kubwa ya Nairobi usome mabango ya nyumba za kuuza: Kiingereza kilichonyooka, na chini yake watu wanauza mahindi ya kuchoma ambao hawakuulizwa kama wanakielewa. Ni harufu ileile ya Paris. Na Kiswahili chenyewe kimeonja pande zote mbili. Kampuni ya Disney ilisajili "Hakuna Matata" kuwa alama ya biashara Marekani kwa ajili ya nguo, ikaombwa mwaka 1994 na kukamilika 2003, na mwaka 2018 watu kwa maelfu wakatia saini mtandaoni kulalamika. Malalamiko yalikuwa ya haki, ingawa mtu wa Pwani ukimwambia hakuna matata anakutazama kama mtalii. Kwao ni hamna taabu, hamna shida. Upande wa pili, mwaka 2014 Vodafone waliipeleka M-Pesa hadi Romania na jina lake lilelile. Mromania alilipa kwa neno "pesa" bila kujua ni neno, mpaka huduma ikafungwa mwishoni mwa 2017. Hapo Kiswahili kilikuwa sauti tu, na sikusikia Mswahili aliyenuna. Tulifurahi. Jina letu liko Ulaya. Labda kwa sababu "pesa" huko ilimaanisha pesa.

Kwenye fleti tunayokaa kuna soja Msamburu, mtu wa Wamba, makamo hivi. Jioni moja nilimsimulia kisa hiki tukiwa getini, umeme umepotea. Nilijaribu kusema "mayieu", sitaki, akanisahihisha mara mbili mpaka nikaacha. Nilitarajia akasirike, au acheke. Alinyamaza akimulika chini kwa tochi, akitazama akala zake.

"Na mwalimu," akaniuliza, "hivyo viatu vilikuwa namba ngapi?"